Mstari Mmoja Tu

Haya nilisimuliwa na wifi yangu Mwanahawa juzi, tukichambua mchicha. Kwao sheria inamtaka nesi ambebee mgonjwa uchovu kwa kuvaa bangili. Magharibi mgonjwa ndiye humvua bangili hiyo, ila nesi akilala nayo, uchovu ni wake hadi asubuhi.

Basi Siwema, aliyelegezwa na maradhi ya neva, nesi Tukae alipovaa tu bangili, akainuka mzima. Akasonga ugali, akamsuka binti yake, vidole vikimtii, hadi mtoto akalala mapajani.

“Dada, magharibi ishaingia. Nivue, wanangu wananingoja,” nesi akasema, ulimi mzito.

“Mstari mmoja tu, shoga. Kwani unakwenda kuolewa?”

Wakacheka. Siwema alijua hasa anachofanya. Akasuka taratibu, akiimba kwa sauti ya kubembeleza, mpaka nesi naye akalala.