Buku Ahama Mikono Mitupu

Panya Buku alitaka kuhamia mji wa mbali, mwendo wa siku kumi, na ghalani alikuwa na punje elfu za mahindi. Akamwita mnyapara wa sisimizi wapagazi.

"Kila mpagazi hubeba punje moja," alisema Mnyapara, "na njiani hula punje moja."

"Sasa mimi nitafika na nini?"

"Hilo halimo kwenye kazi yetu."

Buku akapiga hesabu mchangani. Akajaribu punje mia tano, akajaribu kumi. Kila mara alifika na sifuri. Mwingine angekasirika, yeye akauliza, "Kule kuna sisimizi?"

"Ndugu zetu. Kila kiangazi huja kutumalizia chakula."

"Basi bakini na punje zangu, muwalishe hizo. Wao wanipe nusu kule."

Mnyapara akakubali haraka, akampaka harufu ya ukoo wao sikioni.

Siku ya kumi, sisimizi wa ugenini walilinusa lile sikio, wakajua ametumwa na ndugu zao.

"Karibu. Mizigo yako iko nyuma?"

"Imenitangulia," alisema Buku. "Nifungulieni ghala lenu, nikawaonyeshe."