Picha ya Bure ya Polycarpe

"Mkamateni," Vénérande alisema. "Ni mwanangu, lakini mkamateni."

Gelasius, mlinzi wa kizuizi cha makazi ya wakimbizi, aliacha kutafuna muhogo wake. Akamtazama huyu mama wa Kirundi, kanga imelowa umande mpaka magotini.

"We mama, una akili timamu? Wenzako wanakuja hapa kulia niwaachie watoto. Wewe unataka nimfunge!"

"Anatoka makazini bila kibali. Jumamosi nne mfululizo anakwenda sokoni Misunkumilo. Baba yake ana kibali cha kuuza maharage, yeye hana. Sheria si ipo?"

"Ipo. Siku saba ndani."

"Siku saba zinanitosha," akasema, na hapo ndipo machozi yalipomtoka.

Zilimtosha kwa sababu lori lilikuwa linakuja Jumamosi, na siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

Kila mtu makazini alilijua lori hilo, na kila mtu alijifanya halijui. Mwaka ule wa tisini na sita vita vilikuwa vinawaka kwao Burundi, na watu walikuja chinichini kutafuta wa kupigana. Walioondoka na lori mwaka wa nyuma, hakuna hata mmoja aliyeleta barua. Mama zao walikuwa wanapita barabarani kama watu waliosahau walikokuwa wanakwenda.

Kilichowavuta watu safari hii kilikuwa picha ya video. Polycarpe alikuwa na banda kule Misunkumilo, na mwezi mzima alionyesha picha ileile ya vita, bure. Wazungu wamefungwa ngomeni, mkubwa wao anakataa kutoroka, anakubali kupigwa risasi ili wenzake wapate kukimbia. Picha ilisema Kiingereza. Polycarpe alisimama pembeni na fimbo, akiitafsiri kwa Kirundi kwa namna yake mwenyewe: "Hapo anasema, anayelima mahindi ya ugenini huku ndugu zake wanachinjwa, huyo avae sketi!" Watu wanapiga makofi mpaka mabati yanalia.

Didace, mwana wa pekee wa Vénérande, miaka ishirini, hakukosa hata Jumamosi moja. Mumewe Telesfori alitangulia akisukuma baiskeli ya maharage, kijana akamfuata nyuma. Vénérande alimshukuru Mungu kwamba walau baba yupo, anamchunga mtoto.

Lakini maneno yao jikoni yalimnyima raha.

"Yule mkubwa wa wafungwa alikuwa na mke," Didace alisema jioni moja. "Polycarpe hilo halitafsiri."

"Mwanamume ni mwanamume," Telesfori akajibu. "Mke hamwondolei heshima."

"Heshima ya kufa, Baba?"

"Kula, we mtoto. Ugali unapoa."

Vénérande aliyaokota moja moja: mke, heshima, kufa. Mtoto hata mchumba hana, tayari anaongea habari za kufa! Na Telesfori naye, tangu picha ile ianze, alikuwa anamtaja kaka yake Séverin, aliyekamatwa kwao Burundi mwaka wa sabini na mbili asirudi. Miaka ishirini na nne hakulitia jina lile kinywani. Vénérande alielewa: mzee anamwonya kijana.

Jumatano ile, kwenye banda la kukaushia tumbaku, akaukuta mfuko. Blanketi, chumvi, makatambuga mapya. Akakaa palepale chini ya majani.

"Baba Didace," alimwambia mumewe, "mtoto anatuacha. Nimeuona mfuko."

Telesfori aligeuza uso, akaanza kufunga mdomo wa gunia la maharage.

"Nakwenda kumshitaki kizuizini. Bora alale ndani kuliko alale porini, kaburi lisijulikane."

"Nenda," mzee akasema. "Afadhali abaki. Nyumba isikose mwanamume."

Kumuuliza Didace mwenyewe hakuthubutu. Aliona akimuuliza tu, kijana ataondoka kabla hajamaliza swali.

Basi Alhamisi hiyo, saa nne, Gelasius na mwenzake wakamfuata shambani. Didace hakubisha. Alipoambiwa nani amemshitaki, alimtazama mama yake, akafungua mdomo. Kisha akawaangalia walinzi, akamwangalia baba yake aliyesimama na jembe, akaufunga. Akatoa mikono ifungwe kamba.

"Mama," akasema tu, "Jumamosi usikae peke yako. Mwambie Baba asiende sokoni. Akae na wewe."

Vénérande akawaza: Hata anafungwa, bado ananihurumia!

Jumamosi alfajiri alimfikishia mumewe maneno hayo. Telesfori alikuwa anakaza kamba za gunia kwenye baiskeli.

"Maharage yakioza, tutakula nini?" akauliza bila kugeuka. Alipofika barabarani, akasimama, akarudi, akamshika mkono kama mgeni anayeaga. "Umelea vizuri, Mama Didace." Akaenda.

Saa sita jirani yake Spès alikuja mbio.

"Limepita! Limejaa mpaka wengine wananing'inia!"

Vénérande alipiga magoti uani. Kisha akachinja jogoo, akapika wali kama wa Krismasi, akaufunika kwa kitambaa cheupe, akaenda nao mahabusu huku akiimba. Njiani alipishana na mama wengine waliojifunika nyuso, akaona haya kwa furaha yake.

Didace alikuwa ameshika nondo za dirisha. Wali hakuutazama.

"Baba yuko wapi?"

"Amepeleka maharage. Kula, mwanangu. Lori limeshaondoka. Hata ukinichukia, utanichukia ukiwa hai."

"Mama," Didace akasema, "mimi nilikuwa namfuata Baba kila Jumamosi ili nimrudishe nyumbani."