Zamu ya Kunde

"Palipokuwa na mahindi tupande kunde, udongo upate nguvu," Mbeyu alisema, akichora vitalu vya bustani kwa kijiti.

Sidi, binti aliyepangiwa msimu huo, alitikisa kichwa. "Lakini nyanya zisifuate biringanya, mama. Kwa mama wa kabla yako zilinyauka zote."

Mbeyu alifuta kitalu cha nyanya akakichora kwingine. Sheria ni msumeno: kila masika watoto wote walihamishiwa nyumba nyingine, na Mbeyu hakujua mtoto wake wa kumzaa analelewa na nani.

"Mahindi yatarudi hapa?" Sidi aliuliza.

"Yakishazunguka vitalu vyote."

"Na mimi?"

Gari la kuhamisha watoto likapiga honi nje. Mbeyu alimpangusa Sidi udongo mikononi, kidole kimoja kimoja, kisha akafungua lango.

"Shikamoo, mama," alisema mtoto mgeni, akishuka garini.