Makofi Mawili ya Mgongoni

Gundi alikuwa amepiga magoti bafuni, anaokota majani kwenye tundu la maji, moja moja, kama anayechambua mchele. Judo huchezwa ndani, juu ya mkeka, miguu mitupu. Jani moja tu la uwanjani lingetosha kumuumbua mbele ya Shangazi.

Kilichomshangaza ni kwamba jana aliyaokota yote. Leo yapo tena.

"Macho yangu haya ni ya kuazima?" alijiuliza, akayafunga kwenye karatasi na kuyatia mfukoni.

"Unakoga au unahama?" Shangazi aliita kutoka nje. "Wenzio tunachelewa!"

"Natoka, Shangazi!"

Shangazi ndiye aliyemlea, na ndiye mwalimu wa judo wa mji mzima. Jina la Gundi alimpa yeye, kwa kuwa mtoto akishamshika mtu, kumbandua ni kazi. Kitu kimoja tu kilimbandua: makofi mawili mepesi. Ndiyo sheria ya kwanza ya judo; mwenzako akikupiga makofi mawili amekubali kushindwa, achia hapo hapo, usiulize. Ukumbi wenyewe ulikuwa nyuma ya nyumba, na kila mgeni alioneshwa ukumbi kwanza, halafu Gundi, halafu akaambiwa, "Huyu ndiye atakayeurithi." Sasa mtu wa namna hiyo unamwambiaje kwamba tangu uingie chuo moyo wako umehamia kwenye raga?

Maana ulikuwa umehama kweli. Kwenye mkeka ukianguka unaamka peke yako na aibu yako. Uwanjani, hujamaliza kuanguka mikono imeshakunyanyua, na wenye mikono wanakucheka na kukupangusa tope kwa wakati mmoja. Gundi, mtoto wa pekee wa nyumba ile, hakuwahi kuonja raha kama hiyo, na alipoionja hakutaka kuitema.

Bahati nayo ikamwangukia. Shangazi alianza masomo ya cherehani, akawa anaufunga ukumbi kila Ijumaa jioni na kila Jumamosi. Miezi ikapita, hata leso haijatoka. Jioni alirudi ameshika kiuno, akijichua bega. "Cherehani si mchezo," alikuwa akisema, na Gundi kwa huruma akimchemshia maji ya kukanda.

Asubuhi hiyo ya Jumamosi walitoka pamoja, kila mmoja na begi lake.

"Unaelekea wapi?"

"Maktaba, Shangazi."

"Soma, mwanangu. Elimu haina mwisho." Akapanda baiskeli yake nyekundu, akapiga kengele, akaenda zake.

Uongo ule ulimkaa Gundi kooni kama mwiba wa samaki. Akaapa: leo jioni, liwalo na liwe, atasema. Maneno alikuwa nayo tayari, ameyarudia mpaka yamelainika: Shangazi, judo nimeiacha, wewe sijakuacha.

Mechi ilikuwa dhidi ya timu mpya ya mjini, wanawake wenye kazi zao. Wauguzi, walimu, na dereva mmoja wa lori mwenye mabega kama mlango. Kabla ya filimbi, kapteni wa timu ya wasichana wa chuo alimsogelea Gundi.

"Ile baiskeli nyekundu pale getini si ya shangazi yako?"

Gundi aligeuka haraka. Aliwakagua watazamaji mmoja mmoja, mpaka muuza maji. Shangazi hakuwapo. Lakini baiskeli ilikuwa ile ile, na kengele yake iliyopinda. Gundi akaivuta kofia yake laini ya kukinga masikio hadi kwenye nyusi, akaomba mvua inyeshe.

Ikanyesha. Kufika kipindi cha pili wote walikuwa rangi moja ya tope, ungeweza kumkumbatia adui ukidhani ni mwenzako. Chuo kilikuwa mbele kidogo tu, na dakika zilikuwa zinayoyoma. Ndipo namba nane wa mjini, naye kofia hadi kwenye nyusi, alipopenya katikati na mpira kwapani. Kati yake na mstari alibaki Gundi peke yake.

Gundi hakufikiri. Mkono wa kulia ulizunguka kiuno, wa kushoto ukanasa jezi, nyonga ikaingia chini. Ulikuwa mshiko wa ukumbini, ule aliofundishwa kabla hajajua kusoma. Namba nane akaning'inia, miguu ikitafuta ardhi.

Makofi mawili mepesi yakatua mgongoni.

Gundi akaachia.

"Gundi!" kapteni alipiga kelele. "Mbona umemwachia?"

"Namba nane!" walipiga kelele wa mjini. "Mbona umesimama? Kimbia!"

Hakuna aliyekimbia. Mpira ulidondoka, ukabingirika wenyewe kwenye tope, na wawili wale wakabaki wametazamana. Kwenye raga hakuna mtu anayepiga makofi mawili.

Namba nane aliivua kofia polepole, akatema kinga ya meno kiganjani, akainamisha macho kama mtoto aliyekutwa na kopo la sukari.

"Nilitaka nikuambie leo jioni, mwanangu," Shangazi akasema. "Niliogopa utavunjika moyo."