Friji ya Mwenyekiti

Umeme ulikatika Mwenyekiti akiwa ndiyo kwanza amewasha birika. Hakupoteza muda kulaani. Alifunga mlango wa mashua asionekane, akapiga magoti, akafunua ubao wa sakafu na kuanza kuchota maji kwa ndoo, jasho likimtoka.

Mashua yake ndogo ya tanga ilikuwa na ufa tumboni. Pale gatini hakuna aliyejua, na angejuaje? Huyu ndiye mwenyekiti wa chama cha wenye mashua, aliyewahutubia wenzake kila kikao juu ya matunzo ya vyombo. Kuitoa majini ikazibwe ni gharama, na juu ya gharama ni aibu. Betri ilikwishakufa siku nyingi. Kilichoizuia isizame ni pampu ya umeme tu, nayo ilinguruma kutwa kucha. Waliouliza aliwaambia ni friji.

"Friji gani inakoroma hivyo, Mwenyekiti?"

"Ya zamani. Vitu imara hivyo, siyo makopo yenu ya siku hizi."

Kila mashua ilikuwa na nguzo yake ya umeme gatini. Nguzo ya Mwenyekiti iliungua, na fundi alipokuja akaanza kutaja kebo ya kufaa majini, plagi isiyopitisha maji, sijui waya wa ardhi. Mwenyekiti alicheka mpaka akashika mbavu. "Mashua yenyewe haizidi sebule, wewe unataka kunifungia mitambo ya meli!"

Akamfukuza, akamwita mpwa wake, ambaye aliwahi kutengeneza redio moja ikalia, na tangu hapo hakamatiki. "Nataka umeme rahisi na salama," alimwambia. "Umeutoa wapi, hiyo sitaki kujua."

Kabla ya chakula cha mchana kazi ilikuwa imekwisha. Waya ulitoka dirishani mwa mashua, ukapotelea chini ya mbao za gati. Mwenyekiti alihisi ni umeme wa chama, na moyo wake ukatulia kabisa. Chama ni nani kama si yeye? Akawa hata anawacheka wenzake kwa kutupa pesa kwa mafundi.

Basi siku hii ya birika, hatimaye mlinzi wa gati alirudisha swichi kuu, pampu ikakoroma tena, na Mwenyekiti akaketi ameloa hadi kiunoni. Umeme huu ulikuwa na chuki na chai yake, maana ulipenda kukatika saa hiyohiyo. Ipo siku mlinzi atachelewa, na mashua itakwenda chini pamoja na uenyekiti wote. Hapana. Lazima anayeangusha umeme apatikane, na leo.

Wala hakuhitaji kutafuta mbali. Katika mashua ya pili kutoka kwake alikaa mjane waliyemwita Mama Cherehani. Aliishi humo, katika mashua ya marehemu mumewe, akiwashonea watu matanga kwa cherehani ya umeme. Mwenyekiti alikuwa na kinyongo naye. Mwanamke huyu alithubutu kumuuliza mbele za watu kwa nini mashua yake imekaa chini majini kama iliyobeba saruji.

Kikao kiliitishwa palepale gatini. Mwenyekiti alibadili suruali, akapanda juu ya kreti.

"Ndugu wanachama, kikulacho ki nguoni mwako! Tunaye mtu hapa, cherehani yake inanyonya umeme wetu wote. Ninyi mnakaa gizani, yeye anashona!"

Mama Cherehani alikuja na futi shingoni. "Mwenyekiti, ukinikatia umeme umenikatia riziki. Nina matanga ya watu mle ndani. Nitakula nini?"

"Riziki ya mtu mmoja haiwezi kutuzamisha sote, mama."

"Lakini leo ulipokatika mimi nilikuwa sokoni. Cherehani ilikuwa na kifuniko chake."

"Basi inanyonya hata ikiwa na kifuniko!" Watu wakacheka, na Mwenyekiti akazidi kuvimba kichwa. "Twendeni kwenye nguzo yake. Macho hayadanganyi."

Wakaongozana. Mwenyekiti akafungua mlango wa nguzo, akarudi nyuma hatua moja, akapiga makofi kwa furaha.

"Mnaona wenyewe? Mtu mmoja, nyaya mbili!"

Kweli zilikuwa mbili. Mmoja ulikuwa mnene, una plagi ya maana yenye mfuniko wake. Wa pili ulikuwa mwembamba, umezungushiwa utepe mweusi, na ulishuka moja kwa moja chini ya mbao za gati.

"Huu mnene ndio wangu," Mama Cherehani alisema. "Huo mwingine niliukuta hapa niliporudi kutoka kumzika mume wangu. Kwa huo, Mwenyekiti, hebu kamuulize…"

"Nimuulize nani? Kila mwizi ana mtu wa kumsingizia!"

"Basi fikiri kwanza. Zote mbili?"

"Zote! Unanifundisha kazi?"

Akauchomoa wa kwanza, akauchomoa na wa pili. Akabamiza mlango wa nguzo, akatia kufuli la chama. Halafu, kwa kuwa watu walikuwa wakimtazama na raha ilikuwa imempanda, akaurusha ufunguo majini, mbali kabisa. Wanachama wakashangilia, wakapiga makofi na vigelegele. Mlinzi naye akapuliza filimbi yake, hata sijui kwa nini.

Mwenyekiti aliinua mikono kupokea sifa zake. Makofi yakapungua, yakaisha, na gati zima likatulia tuli.

Mama Cherehani hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa ametega sikio upande wa mashua ya Mwenyekiti.

"Mwenyekiti," alisema taratibu, "mbona friji yako imenyamaza?"