Shashi Aenda Kazini

Zamani wanyama walipokuwa na chuo kikuu chao, Shashi, ndege mla kupe, alihitimu kwa alama za juu. Njaa ikampeleka kwa Nyati kuomba kazi.

"Kupe wote nawajua, Mzee, hata wajukuu zao!"

"Haya, panda tuone."

Akaanzia shingoni, kama alivyofundishwa. Nyati akamtikisa, akaanguka. Akapanda tena, akaangushwa tena.

"Bora nitafute ndege mwingine," Nyati akaguna.

Shashi alikaa mavumbini akishangaa. Kupe wa shingoni wamenona, mbona Nyati anamkataza kuwala? Mwishowe akauliza, "Samahani, Mzee, kwani unawashwa wapi?"

Nyati akainamisha kichwa. "Shingoni nina kidonda, mwanangu. Anayeninyima usingizi yumo sikioni. Wenzako wengi wamepanda hapa, hakuna aliyeuliza."

Shashi akaingia sikioni taratibu, na siku hiyo akashiba.