Kucha Tisa

Sinia la katlesi lilipowafikia wageni, Salhiya alikitazama kidole gumba cha binti yake aliyelibeba, na moyo ukampiga paa. Kucha tisa nyekundu za kubandika zilikuwa mahali pake. Ya kumi haikuwapo.

Asubuhi alimwambia, "Yabandue hayo makucha kabla hujakanda viazi."

"Mama nawe! Yameshika haya, hayatoki."

Nusu kilo ya nyama, viazi vingi, katlesi thelathini. Na ndani ya moja mna plastiki. Wageni wametoka Bwejuu kuja kuposa, na hivi punde tu Salhiya amejigamba kwamba binti yake kapika vyote mwenyewe.

Mama wa kijana alikwishachukua yake.

"Hiyo imeungua, Bibi. Chukua nyengine," Salhiya aliwahi kusema.

"Nnazipenda zilizokauka," mgeni alisema, akaing'ata.

Akatafuna. Taya likasimama. Binti alikificha kidole ndani ya mtandio, na Salhiya akatamani ardhi immeze.

Mgeni alipeleka karatasi ya kufutia mdomoni, akaikunja mara mbili, akaifumbata kiganjani. Kisha akaitazama mikono ya binti, kidole baada ya kidole.

"Bi Salhiya, umesema kapika mwenyewe?"

Uongo ulimfika Salhiya kwenye ncha ya ulimi: nimekanda mimi. Akaumeza.

"Mwenyewe, Bibi."

"Basi leo nimeamini," mgeni alisema, akanyoosha mkono kuchukua nyengine.